Kushoto kwa Nani

Wahenga walisema macho hayana pazia. Waliosema hivyo hawakuwahi kumpiga picha dada yangu. Ya kwake yana pazia, tena zito, na linashuka palepale kamera inapofyatua. Kwenye picha ya kumaliza shule amefumba. Kwenye picha ya harusi yake mwenyewe amefumba, amesimama mbele ya keki kisu mkononi, na shemeji mpaka leo husema kwamba alikubaliwa posa na mtu aliyelala. Kwenye kitambulisho walimpiga na kumpiga mpaka karani akachoka, kikatoka jicho moja liko wazi na la pili nusu, utadhani anamkonyeza askari. Nyumbani tulimpa jina la Fumba, naye akalipokea bila kinyongo.

Na mimi, mdogo wake wa tumbo moja, ndiye mpiga picha. Kwa kazi, si kwa kujifurahisha. Nina studio yenye ubao nje, wateja wa pasipoti, maharusi, na vichanga wanaokojolea shuka langu jeupe. Vichanga wa siku chache nimewafumbua macho. Walevi nimewafumbua macho. Dada yangu kanishinda, nami miaka yote nililichukulia jambo hilo kuwa utani wa familia, mpaka Jumatatu moja alipoingia studio akitoka kazini, akakaa kwenye kigoda cha wateja na kuweka funguo za gari mapajani.

Dada ni mwalimu wa udereva. Sauti yake inasikika mpaka gari la nyuma, na maneno yake hayana kona.

"Alhamisi wananitoa jicho," akasema.

"Usinitanie."

"La kushoto. Dawa imeshindwa. Daktari anasema ule uvimbe wa nyuma ukiachwa utaelekea ndani, kwa hiyo litoke."

Uvimbe tulikuwa tunaujua. Kwa nje ulikuwa hauonekani. Jicho lilisogea mbele kidogo tu, na mpaka uambiwe ndipo ungeona. Tulitegemea dawa, tukawa tunaongea mambo mengine. Nilitaka kulia, lakini nilivyoumbwa mimi, kilio changu kinatoka kama hasira.

"Na kwa nini unaniambia leo? Leo Jumatatu!"

"Kwa sababu na mimi nimeambiwa leo. Acha kelele, nisikilize. Jumatano mchana naingia wodini. Kabla ya hapo nataka picha. Uso wangu, macho yote mawili, yote wazi. Sina hata moja, na wewe unajua kama sina."

Nilijua. Nilimwambia ataipata, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, na alipoondoka nikakaa kwenye kigoda kilekile nikijiuliza nitaipataje.

Miaka hiyo simu ilikuwa ya kupigia tu, msije mkaniuliza. Picha ilitoka kwenye filamu, na filamu ilisafishwa chumba cha giza. Kamera yangu ya studio ilikuwa na kioo ndani. Unapofyatua, kioo kile kinaruka juu, klap!, na dada yangu akishasikia klap amekwisha. Fleshi ndiyo usiseme. Isitoshe, lile jicho linaloumwa lilikuwa halivumilii mwanga, likimulikwa kidogo machozi yanatiririka. Kwa hiyo nilihitaji kamera ya kimya, bila fleshi, kwenye chumba chenye mwanga hafifu.

Kamera ya kimya nilikuwa nayo. Niliirithi kwa mpiga picha mmoja wa gazeti alipostaafu, nikawa naitumia mitaani. Mimi naiita kamera ya madirisha. Huangalii kupitia lenzi. Unaangalia kupitia kidirisha kilicho pembeni, na kidirisha cha pili upande mwingine kinaleta taswira ya pili, kama kivuli. Katikati unaona mtu na kivuli chake, wameachana. Unazungusha pete ya lenzi taratibu, kivuli kinasogea, kinasogea, kikimwingia mwenyewe wakawa mtu mmoja, hapo umelenga. Haina kioo cha kuruka. Ikifyatua inatoa mlio wa mtu anayemeza mate, basi.

Tatizo lilikuwa lenzi. Iliyokuwepo ilikuwa pana, ya mitaa na umati. Ukimsogelea mtu nayo, pua inatangulia na masikio yanabaki nyumbani. Nilitaka lenzi ya sura, tena ile inayokunywa mwanga. Jumanne asubuhi sikufungua studio. Nilikwenda kwa fundi wa kamera.

Huyo fundi sote tunamwita Taratibu, maana ndilo neno lake. Ana chumba juu ya duka la vioo, meza yenye kitambaa cha kijani, na skrubu ndogo kama chawa amezipanga ndani ya vizibo vya soda. Nilimweleza shida yangu yote. Alisikiliza, akafungua kabati, akatoa lenzi mbili akaziweka mbele yangu.

Ya kwanza ilikuwa bonge la lenzi: fupi, nene, kioo cha mbele kikubwa kama mdomo wa bilauri. Ya pili ilikuwa ndefu na nyembamba, haina mbwembwe. Tangu siku hiyo naziita Bonge na Ndefu.

"Hii nene inaona hata kwenye mvungu wa kitanda," Taratibu akasema. "Mwanga kidogo tu, unafyatua haraka. Lakini ukilifungua tundu lake la mwanga lote, inalenga wembamba wa ukucha. Ukilenga jicho, pua imeshapotea, sikio ni moshi."

"Na hii?"

"Hii inakunywa mwanga, ila si kwa pupa. Utasimama mbali naye kidogo. Ukiibana nusu, sura yote inatoka. Ila itataka kufyatua polepole, na mtu atulie."

"Asitikisike?"

"Asitikisike, asipepese."

Nilicheka kicheko cha uchungu. Kumwambia dada yangu asipepese! Nikashika Bonge, nikaliweka, nikashika Ndefu, nikarudi kwa Bonge. Kusema kweli, nililipenda tangu nilipoliona. Lilikuwa zito mkononi, na kile kioo kilikuwa kinanitazama. Nilishaona jinsi picha itakavyotoka: macho makali, vilivyobaki vyote vimeyeyuka. Picha ya kutundika ukutani wateja waulize imepigwa na nani. Nilijidanganya kwamba nafikiria kope za dada, na kweli nilizifikiria, ila nilijifikiria na mimi.

"Mchagua jembe si mkulima," Taratibu akasema, maana nilishaanza kumchosha. "Chukua zote mbili. Ukimaliza, utakayoikataa nirudishie."

Mchana ule nilikuwa sebuleni kwa dada. Alikuwa amesuka nywele na kuvaa blauzi ya kola. Shemeji alikuwa kazini. Aliomba ruhusa ya Jumatano na Alhamisi tu. Nikavuta pazia la dirisha nusu ili mwanga usimuumize, nikaburuta kiti, nikakisogeza tena. Nilipogeuka nilimkuta ameshika kamera yangu, anachungulia.

"Mbona watu wawili?" akauliza.

Nikamwonyesha vidirisha viwili, nikamwelekeza jinsi ya kuzungusha pete. Aliulenga mlango wa jikoni, akafurahi kivuli kilipoingia mahali pake. Kisha, kwa ule utundu wake, akaziba kidirisha cha pili kwa kidole. Kivuli kikapotea. Akazungusha pete huku na huku. Mlango ulibaki uleule, hausemi uko karibu au uko mbali.

"Kumbe," akasema. "Ukiziba kimoja haipimi."

"Haipimi, lakini picha inapiga."

"Daktari kaniambia hivyohivyo. Kwamba nitaona, ila umbali utanisumbua. Sasa mwalimu wa udereva asiyejua gari la mbele liko wapi ni mwalimu wa nini?"

Nilimwonyesha namba zilizoandikwa kwenye pete, nikamwambia wapiga picha wa zamani walikuwa wanakadiria kwa mazoea, na picha zinatoka. Alinirudishia kamera, akaenda kukaa kwenye kiti. Aligeuza uso kidogo, upande unaoumwa ukawa kivulini.

"Unaweza kuyalenga yote mawili?" akauliza.

"Kwa lenzi hii, ulivyokaa hivyo, moja litakuwa kali zaidi." Ningemwambia akae sawasawa. Sikumwambia. Vile alivyokaa alipendeza.

"Basi lenga la kushoto. La kulia nitabaki nalo."

"Kushoto. Sawa."

Nikainua kamera. Ndani ya kidirisha nikaliona jicho la kushoto, na kivuli chake pembeni. Nikazungusha mpaka vikaungana, nikafyatua. Mlio wa kumeza mate. Hakufumba! Nadhani hakujua kama nimeshapiga. Nikapiga tena, akiwa ananieleza habari ya mwanafunzi wake aliyepanda tuta la maua. Hakufumba. Nilipomaliza filamu nilitaka kucheza ngoma mle sebuleni. Nilimkumbatia dada kiasi cha kumharibia kola, nikatoka mbio.

Jioni hiyo nikiwa chumba cha giza niliweka karatasi kwenye dawa nikaitikisa sinia. Uso wa dada ulianza kuja: nywele, kola, mdomo uliokuwa katikati ya neno. Macho mawili. Yote wazi! Nilipiga kelele peke yangu kama mwehu. Niliisuuza picha, nikawasha taa, nikaisogeza karibu.

Jicho moja lilikuwa kali kupindukia. Ungeweza kuhesabu kope, na ndani ya mboni ulikuwa unaliona dirisha. Jicho la pili lilikuwa ukungu. Na lile kali lilikuwa la kulia.

Nikaigeuza picha kama mjinga, kana kwamba nikiigeuza macho yatabadilishana. Nikachapa nyingine, na nyingine. Zote sawa. Ndipo nikaelewa nilichokifanya, nikakaa chini sakafuni. Maisha yangu yote ya kazi, kushoto ni kushoto kwangu mimi niliye nyuma ya kamera. Taa ya kushoto, bega la kushoto, bi harusi sogea kushoto: vyote kwa upande wangu. Dada aliposema kushoto, mkono wangu ulikwenda kushoto kwangu, kwenye jicho lake la kulia. Jicho zima. Lile ambalo nitaliona Ijumaa, na mwezi ujao, na kila sikukuu.

Jumatano kulipokucha nilikuwa mlangoni kwake. Nilifikiria kumdanganya, kwamba filamu imeharibika. Lakini yule anasoma uso wangu kuliko anavyosoma vibao vya barabarani. Nikampa picha. Aliitazama, akainua uso.

"Hili silo."

"Dada, nisikilize..."

"Nilikwambia kushoto!"

"Nililenga kushoto! Kushoto kwangu!"

"Kwako? Jicho ni la nani, lako au langu?"

Nikanywea. Shemeji, aliyekuwa anafunga begi la hospitali, akajifanya anatafuta kitu chumbani.

"Mimi wanafunzi wangu wakichanganya kushoto na kulia nawashusha garini," akaendelea. "Wanarudi kwa miguu! Mtu mzima, na studio, na ubao nje!"

"Nishushe basi! Nimekosea, nimesema nimekosea!"

Tukatazamana, tukihema. Kisha akaanza kucheka, nami nikacheka, kicheko cha kuumiza mbavu, cha watu ambao wakinyamaza watafanya kitu kingine. Alipomaliza akajifuta uso.

"Shemeji yako amekwenda kuwasha gari," akasema. "Piga sasa hivi."

Nilitoa Bonge kwenye kamera, nikafunga Ndefu. Safari hii nilimkalisha sawasawa, uso wote kwangu, macho yote mawili umbali mmoja. Nilirudi nyuma mpaka mlango wa jikoni. Nikaibana lenzi nusu, kama Taratibu alivyosema, na mwanga ukawa mdogo kiasi kwamba ilibidi nifyatue polepole mno.

Nikafyatua. Amefumba.

Nikafyatua tena. Amefumba.

"Fumbua, bwana!"

"Nimefumbua!"

"Unafumbua nikishapiga!"

Jana alikuwa anapiga soga. Leo alikuwa anangojea. Alikaa wima, mikono magotini, anaikodolea lenzi kama mtu anayengojea sindano, na kila nilipogusa kitufe pazia lilishuka. Nje honi ililia mara moja, kwa adabu. Nilijua filamu inakwisha. Nililenga upya, kivuli kikaingia mahali pake, nikangoja.

"Naogopa," dada akasema.

Nilikuwa sijawahi kumsikia akilisema neno hilo. Huyu ndiye aliyekuwa akitangulia kuingia kwenye chumba chenye giza tulipokuwa wadogo, ndiye aliyemjibu baba, ndiye anayekaa kila siku pembeni ya watu wasiojua breki iko wapi.

Ile kamera ya madirisha ina jambo moja: haikufuniki uso. Unachungulia kwa jicho moja, na la pili linabaki nje, wazi, linamwona mtu naye anakuona. Jicho langu la nje likaanza kutoa machozi. Nilijikaza kisabuni, haikusaidia kitu. Pua nayo ikaanza.

Dada aliniona. Akasahau lenzi, akasahau hospitali, akasahau na honi. Hakusema pole wala nyamaza. Alinitazama tu, na mimi nikabonyeza.

Sikujua kama nimeipata. Mkono ulitetemeka, na kile kidirisha kilikuwa kimejaa maji. Lakini filamu ilikuwa imekwisha na shemeji alikuwa mlangoni na begi.

Alhamisi walimtoa jicho. Nilishinda kwenye benchi la hospitali na shemeji, ambaye aliongea habari za matairi toka asubuhi mpaka daktari alipotoka kutuambia kwamba yote yamekwenda salama na uvimbe umetoka wote. Shemeji akanyamaza, akaweka kichwa chake begani kwangu. Niliondoka hapo nikaenda moja kwa moja chumba cha giza. Siku iliyofuata nikamrudishia Taratibu lile Bonge.

Jumamosi waliruhusu wageni. Dada alikuwa ameegemea mito, bandeji imefunika upande wote wa kushoto, kushoto kwake, na uso umevimba. Hakunisalimia hata.

"Iko wapi?"

Nikatoa bahasha. Alinyoosha mkono kuichukua, ukapita pembeni kidogo, akaurudisha, akaishika. Sikumsaidia, angenitukana. Akaitoa picha, akaisogeza mbali, akaileta karibu, mpaka jicho lilipoizoea.

Ilikuwa imetikisika kidogo kwenye kola. Macho yalitoka safi, yote mawili, kope kwa kope. Lile la kushoto lilionekana limesogea mbele, limechoka, lina wekundu pembeni, na lilikuwa linatazama sawasawa na mwenzake.

Dada hakuiweka chini. Niliogopa. Nilianza kueleza habari ya kola, akaninyamazisha kwa kidole.

"Miaka yote nilijua nina macho makali," akasema. "Wanafunzi wote wanasema hivyo. Kwenye kioo pia, nikijitazama, ni makali."

"Garini ni makali."

"Lakini hapa..." Akaigusa picha, jicho moja, kisha la pili. "Hapa nilikuwa nakutazama wewe."

"Ndiyo."

"Kumbe ndivyo ninavyokutazama?"

"Tangu utotoni."

"Na hukuwahi kuniambia!"

"Ningekwambia," nikasema, "ungefumba."